Waya wa winchi usimame wapi, na nani auambie usimame

Wazee wangu shikamooni, mama zangu wenye maboti shikamooni, na nyie vijana wa ufundi mambo vipi. Asanteni kwa kuja na jua hili la Mikindani saa nane mchana, najua wengine mmevuka kutoka Msangamkuu kabisa. Nimeombwa niongee kuhusu sensa za winchi, yaani kile kidude kinachoiambia winchi basi, ishia hapo, na sikujiuliza mara mbili maana hii kitu iko kifuani kwangu miaka mingi, nikifika katikati mtaelewa kwanini.

Tuanze na chelezo lenyewe ili tuwe tunaangalia kitu kimoja. Reli mbili zinashuka majini, juu yake kuna toroli, boti inakaa kwenye toroli, waya umefungwa kwenye toroli unapita kwenye kapi mpaka kwenye dramu ya winchi huku juu, mota ya umeme inazungusha dramu. Kijana anabonyeza kitufe boti inapanda, anaachia inasimama. Sasa toroli ikifika mwisho wa reli nani anaisimamisha? Wengi mtasema si huyo huyo kijana, ana macho. Ni kweli ana macho, ila jioni jua la magharibi linampiga usoni, au kuna mtu kamwita, au boti ni pana haoni nyuma yake, na kuna siku kontakta, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota, inagandana kwenye paneli, hapo hata akiachia kitufe winchi inaendelea kuvuta tu kama vile hajaachia. Na mota ya umeme ikizuiwa ghafla haikati tamaa haraka, inaweza kuvuta mara 2 na zaidi ya nguvu yake ya kila siku kabla ovalodi, ile kinga ya mota kuzidiwa, haijakata, na ovalodi inachukua sekunde kadhaa. Sekunde hizo waya hauna.

Siku moja nilikuwepo, sitasema chelezo gani wala la nani, haisaidii. Walikuwa wamefunga proksimiti nzuri tu, ya bei, ile inayoona chuma bila kugusa. Boti ikapanda, toroli ikafika mbele ya sensa, na mimi kwa macho yangu niliona kile kitaa chake kidogo kinawaka, maana yake imeona. Winchi haikusimama. Toroli ikagonga kizuizi, waya ukanyooka ukaanza kulia, mnajua ule mlio, halafu ukakatika na kurudi kama mjeledi, ukampiga kijana mmoja aliyekuwa amesimama pembeni chini ya goti. Hakufa, tumshukuru Mungu, lakini leo anatembea kwa mkongojo na alikuwa na miaka 19. Tulipofungua baadaye tukakuta sensa nzima kabisa. Kilichooza ni waya mweusi, ule unaobeba taarifa kwenda kwenye paneli, chumvi ilishaingia kwenye gandi, pale kebo inapoingilia, ikaula kwa ndani, kwa nje unaonekana mpya. Kahawia na bluu za kuleta umeme zilikuwa salama ndo maana taa iliwaka. Sensa ilipiga kelele ila mdomo ulikuwa umeshonwa.

Kwa hiyo vijana, kabla hujaniuliza sensa gani bora, mimi nakuuliza kwanza umeiunganishaje. Ile pale ilikuwa NO, yaani kimya maana yake endelea, sensa ikiona ndo inapeleka umeme wa kusema simama. Mfumo wa namna hiyo waya ukikatika winchi inaona kila kitu kiko sawa. Unatakiwa kugeuza, tumia NC, umeme upite muda wote kwenye sensa wakati mambo ni mazuri, na ukikosekana kwa sababu yoyote ile winchi isimame: toroli imefika, waya umeoza, panya ametafuna, mtu kakanyaga kebo, fyuzi ya kontroli imeungua, zote zinaleta jibu moja. Utasumbuka siku waya ukiharibika maana kazi itasimama katikati ya mlima na mwenye boti atakuzomea, mwache azomee, bora hivyo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Watu wanaanza kwa kuuliza nichukue limiti swichi ya mkono, ile inayosukumwa, au proksimiti au enkoda, ile ya kuhesabu mizunguko, mimi naomba tuanze na swali lingine, ni kitu gani kitaumia ukichelewa kusimama? Maana huku juu na kule chini siyo hatari moja. Huku juu kinachoumia ni toroli kugonga na waya kukatika, kwa hiyo pima toroli yenyewe ilipo. Kule chini toroli haigongi kitu, inaingia majini, kinachoumia ni dramu kuishiwa waya, kwa hiyo kule pima dramu. Nimeona mafundi wengi, wazuri tu, wanaweka aina moja juu na chini kwa sababu walinunua mbili kwa pamoja, na shida inaanzia pale.

Nianze juu. Kwanini nasema pima toroli usihesabu mizunguko ya dramu? Chukua dramu ya milimita 200 na waya wa milimita 10. Safu ya kwanza ya waya kila mzunguko unavuta kama sentimita 66. Waya ukianza kupanda juu ya mwenzake, safu ya pili, mzunguko mmoja unavuta kama 72, safu ya tatu inakaribia 78. Ukizungusha mara 20 tu tofauti ya safu ya kwanza na ya pili ni zaidi ya mita 1. Na hapo waya ukilala vibaya, ukibanana upande mmoja, hesabu inabadilika tena, na waya mpya unanyooka kidogo wiki za mwanzo. Enkoda itakuambia dramu imezunguka mara ngapi kwa usahihi wa ajabu lakini haijui boti iko wapi. Tena zile enkoda za kawaida za kuhesabu tu, umeme ukikatika zinasahau, umeme ukirudi zinaanza sifuri toroli iko katikati ya reli. Zipo zinazokumbuka, ni ghali kidogo, ila nazo zikifungwa kwa skrubu moja kwenye shafti skrubu ikilegea shafti inazunguka enkoda imelala. Simaanishi enkoda ni mbaya, naitumia kupunguza mwendo na kuonyesha umbali kwenye kioo, ila sijawahi kuikabidhi roho ya mtu ikiwa peke yake.

Kwa hiyo juu weka kitu kinachoona toroli. Hapo proksimiti inafaa sana kwa kazi ya kila siku, haina mkono wa kuchakaa, maji yakiirukia haijali. Ila jua mipaka yake. Ile yenye mwili wa nyuzi kama bolti wa milimita 18 inaona chuma kwa umbali wa milimita 5 mpaka 8 hivi, ya milimita 30 inafika 10 mpaka 15. Na toroli zetu mnazijua, zinayumba kwenye reli sentimita nzima bila aibu. Ukiiweka uso kwa uso na toroli, ikiwa mbali haitaona na ikiwa karibu itapondwa. Iweke pembeni, toroli ipite mbele yake, na kwenye toroli uchomelee sahani ya chuma ndefu, ndefu kabisa, ili ikishaingia mbele ya sensa isitoke upande wa pili wakati toroli bado inaserereka. Hili la sahani fupi limeangusha wengi: sensa inaona, winchi inaanza kusimama, toroli inapitiliza kidogo kwa mwendo wake, sahani inatoka, sensa inasema njia nyeupe, winchi inavuta tena! Na sahani iwe chuma cha kawaida, ukiweka alumini kwa sababu haishiki kutu umbali wa kuona unashuka chini ya nusu.

Lakini proksimiti ndani yake ni elektroniki, na elektroniki ikifa inaweza kufa imefungwa, yaani inaendelea kupitisha umeme kana kwamba hakuna kitu mbele, hata kama uliiunga NC. Ndo maana sentimita kadhaa baada yake, kuelekea kizuizi, naweka ya pili, ya mkono wa chuma na roda, limiti swichi ya kizamani kabisa ambayo vijana mnaidharau. Mkiinunua angalieni ubavuni ina alama ya duara lenye mshale ndani. Alama hiyo inamaanisha vidole vyake vya umeme vinasukumwa kufunguka na mkono wenyewe moja kwa moja, siyo na springi, hata kama vimegandana kwa cheche mkono ukisukumwa vinaachana kwa nguvu. Hiyo usiipitishe kwenye PLC wala kwenye bodi yoyote ya kompyuta, ipeleke moja kwa moja ikakate umeme wa koili, yaani sumaku inayoivuta ifunge, ya kontakta kuu, ile inayolisha mota nzima na breki. Kontakta kuu iwe tofauti na zile mbili za kupanda na kushuka, maana kama iliyogandana ni ile ya kupanda, kukata koili yake hakusaidii kitu.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza kwa sauti ya chini, sasa mwanangu mbili za nini, gharama hiyo. Mama yangu swichi ya pili ukiilinganisha na bei ya waya tu, achilia mbali boti, achilia mbali mguu wa mtoto wa mtu, ni ndogo sana. Sitakuficha.

Hapo kwenye sentimita kadhaa nirudi kidogo maana watu wanabahatisha. Winchi haisimami pale sensa inapoona. Kontakta inahitaji muda kuachia, breki inahitaji muda kukamata, halafu mzigo unaserereka. Tuseme toroli inakwenda mita 10 kwa dakika, hiyo ni kama sentimita 17 kila sekunde. Kuachia na kukamata ikichukua sehemu 2 za kumi za sekunde, na breki kuua mwendo sehemu 3 za kumi, utapitiliza kama sentimita 6. Mtu akabadilisha gia ikawa mita 20 kwa dakika, anadhani itakuwa 12. Inakuwa karibu 17, kwa sababu ule mserereko wa breki unapanda mara 4 spidi ikipanda mara 2. Kwa hiyo usichukue kipimo cha chelezo la jirani. Funga swichi, endesha toroli ikiwa na boti nzito kuliko zote mnazopandisha, pima kwa futi ilipopitiliza, halafu endesha tupu upime tena, na wakati wa kushusha pia maana mzigo unasaidia kuvuta. Ndo uamue kizuizi kikae wapi.

Sasa chini, na hapa ndo pwani yetu ina mambo yake. Maji ya bamvu, yale makubwa, hapa Mtwara yanapishana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, maji mafu yanapishana pungufu ya hapo. Chelezo likiwa na mteremko wa mita 1 kushuka kwa kila mita 10, hizo mita 3 za maji ni mita 30 za reli! Leo boti inaelea hapa, wiki ijayo inaelea kule. Ukiweka swichi mahali pamoja kwenye reli upande wa chini, kuna siku itazuia boti isifike majini, na siku hiyo mtu ataizunguka kwa kipande cha waya, na kile kipande hakitatoka tena. Nimekikuta kwenye paneli nyingi, na siwezi kumlaumu aliyekiweka peke yake, aliyeweka swichi pasipofaa alimsukuma.

Chini kinachotakiwa ni kimoja, dramu isiishe waya. Kishikio cha waya kwenye dramu hakikutengenezwa kubeba mzigo peke yake, kinasaidiwa na msuguano wa ile mizunguko inayobaki. Chukueni mzigo wa kilo 1,000 na waya wenye grisi yake, msuguano mdogo wa 0.1. Ikibaki mizunguko 3 kishikio kinasikia kama kilo 150 tu. Ikibaki 2 inakuwa 285. Ukibaki 1, ni kilo 530, na ukiisha wote kinabeba zote. Ndo maana tunasema mizunguko 3 isiguswe kamwe, ipake rangi nyekundu kabisa ili hata asiye fundi akiiona apige kelele. Na hapa kuhesabu mizunguko ndo kazi sahihi, haijalishi safu ngapi, mzunguko ni mzunguko. Nunua limiti swichi ya gia, ile yenye kijisanduku na kemu ndani, vile vigurudumu vyenye nundu, ifunge kwenye shafti ya dramu yenyewe. Usiifunge upande wa mota, pini ya gia ikikatika katikati dramu itakwenda kivyake na swichi itakuwa inahesabu mota.

Na kuna kitu kimoja zaidi kule chini ambacho hesabu haikioni, waya kulegea. Toroli ikikwama kwenye mchanga au boti ikielea ikalitoka toroli, toroli limesimama lakini dramu inaendelea kutoa waya. Waya unajaa pale kwenye dramu kama tambi. Ukiendelea mpaka ukaisha dramu inaanza kuukusanya kinyume, hapo kitufe cha kushusha ndo kinapandisha, na limiti ya juu haipo tena upande ule! Dawa yake ni roda ndogo inayokaa juu ya waya, ina uzito wake, waya ukiwa umekaza roda imeinuka, ukilegea inashuka na kukata swichi. Kitu rahisi, fundi wa kuchomelea anakitengeneza asubuhi moja.

Hili la kinyume linanikumbusha fezi, yaani zile nyaya za umeme zinazolisha mota. Mota ya fezi tatu ukibadilisha nyaya mbili inageuka. Mtu kaja kurekebisha, au mmewasha jenereta umeme umekatika, nyaya zimeunganishwa tofauti. Unabonyeza shusha, toroli inapanda, inafika juu, inagusa limiti ya juu, limiti inakata kontakta ya kupandisha... ambayo haijawaka! Inayofanya kazi ni ya kushusha, limiti haina habari nayo. Limiti zako zote mbili za kila siku zinakuwa mapambo. Inayokuokoa ni ile ya pili inayokata kontakta kuu, na rilei ya kuangalia mpangilio wa fezi, ambayo ikiona zimegeuka hairuhusu winchi kuwaka kabisa. Ukitoka hapa na kitu kimoja, kitoke hiki.

Haraka haraka nyingine. Sensa za mwanga, za kuona mstari wa taa, mimi huku baharini sizipendi, chumvi inapaka kioo, buibui anajenga, asubuhi ukungu. Za sumaku zinafaa kwa wenye kamba za plastiki ngumu kwenye winchi za boti, maana kamba hiyo proksimiti haiioni, unafunga sumaku kwenye kulabu, ila ifutwe mara kwa mara inakusanya vumbi la chuma. Wenye winchi za betri za volti 12, usipitishe umeme wa mota kwenye swichi, ni ampea mamia, utaiyeyusha, kata ule waya mdogo wa koili ya solenoidi, ile swichi kubwa ya mota. Na ile namba IP67 kwenye boksi, 6 ni vumbi haliingii, 7 ni kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa. Haisemi lolote kuhusu chumvi. Chumvi unapambana nayo mwenyewe: gandi ielekee chini, kebo ifanye tumbo kabla ya kuingia ili maji yadondoke, mwili wa chuma cha pua au plastiki nzito, na uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mkishusha boti.

Kuhusu kurudi nyuma, limiti ya kila siku ikate upande mmoja tu, ikikataza kupanda iruhusu kushuka, ili kijana ajitoe mwenyewe bila kuzunguka nyaya. Ile ya mwisho ikate zote, na kurudi iwe kwa ufunguo ambao anao mtu mmoja, na kabla hajaugeuza ajue kwanza ile ya kwanza ilishindwa kwanini.

Na kupima, kila asubuhi kabla ya boti ya kwanza. Toroli tupu, polepole, igusishe ya juu isimame. Halafu kila wiki chomoa kebo ya sensa kwa mkono, winchi ikikubali kuwaka hapo una tatizo lile lile lililomkuta yule kijana. Ile ya pili nayo uisukume kwa mti huku winchi inazunguka tupu, watu wote wawe mbali na waya, nyuma ya mota na siyo pembeni.

Nimeambiwa maji yanaanza kujaa saa kumi, chelezo liko tupu sasa hivi. Vijana chukueni testa na futi, mmoja ashike daftari. Tunashuka kuchomoa kebo moja moja tuone winchi hii ya hapa inajibu nini, na wazee wangu naomba mkae huku juu kivulini, upande wa pili wa waya asiende mtu.